Mlima au ziwa: nilivyopanga likizo ya theluji kati ya Interlaken, Grindelwald na Montreux

Wengi wetu tuliokulia kusiko na theluji hupanga safari ya Alps kwa kuzigawa siku mapema: Jumatatu na Jumanne kuteleza mlimani, Jumatano matembezi ziwani, Alhamisi mlimani tena. Hali ya hewa ya kule haijali mpango huo. Nilichagua Oberland ya Bern, nchini Uswisi, kwa sababu ukilala mahali pamoja unaweza kuamua kila asubuhi kama leo ni siku ya mlima au ya ziwa, na uamuzi huo haukugharimu chumba ulichokwisha kulipia.

Mahali penyewe ni Interlaken, katikati ya Ziwa Thun na Ziwa Brienz, kwenye kimo cha mita 570 hivi. Mji una stesheni mbili, West na Ost. Treni za milimani huanzia Ost, kwa hiyo tafuta chumba upande huo, kwa sababu kutembea na begi kutoka West juu ya barafu ya asubuhi si jambo la kutamani. Kuna mtego mmoja hapo. Treni ya Grindelwald na ya Lauterbrunnen huondoka zikiwa zimeunganishwa, kisha hukatwa Zweilütschinen, kila kipande kikashika bonde lake. Soma kibao cha behewa lenyewe kabla ya kukaa. Ukipanda kipande kisicho chako utafika bonde lisilo lako, na darasa lako la saa tatu na nusu litaanza bila wewe.

Kila asubuhi, kabla ya chai, mimi hufungua picha za kamera za milimani. Karibu kila kituo cha juu kina kamera inayorusha picha bure kwenye mtandao: Männlichen, Kleine Scheidegg, First, Schilthorn. Kuna hali mbili za kuzijua. Ya kwanza ni ukungu wa chini. Wakati wa baridi hewa nzito hukaa mabondeni na juu ya maziwa, na mji wa ziwa hushinda umefunikwa na kijivu kutwa nzima, ilhali ukipanda juu ya mita 1,200 hivi unakuta jua kali na anga ya buluu. Mgeni akichungulia dirishani anaahirisha mlima, na hapo anaipoteza siku bora kuliko zote. Hali ya pili ni kinyume chake: föhn, upepo wa joto unaoshuka kutoka kusini. Bondeni unaweza kuona kweupe na joto limepanda, huku juu lifti za viti na za vibanda zimesimamishwa kwa sababu ya upepo. Siku hiyo nenda mjini. Kwa ufupi, kijivu chini panda, upepo juu shuka.

Kwa wanaohitaji visa ya Schengen, ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya kiwango cha chini ni yuro 30,000. Bima hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi katika mipango yote, kwa kuwa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya visa huacha nje michezo ya theluji, na mnunuzi hagundui mpaka goti limeteguka. Omba kwa maandishi mambo mawili: kwamba michezo ya msimu wa baridi imo, na kwamba uokoaji kwa helikopta umo. Namba ya uokoaji wa anga wa Rega ni 1414, na ya gari la wagonjwa ni 144. Ziweke kwenye simu kabla ya kutoka.

Vifaa usinunue, kodi. Duka la kukodisha litakuuliza uzito, urefu, umri, kiwango chako, na litapima urefu wa soli ya kiatu. Kwa hesabu hiyo fundi huweka namba ya vifungio, yaani nguvu inayotakiwa ili kiatu kichomoke kwenye skii, ule ubao mrefu wa kutelezea, ukianguka. Usiongeze uzito kwa aibu wala kupunguza, na usiseme wewe ni hodari. Namba ikiwa kubwa mno skii haiachii, na mguu ndio unaopindika. Ikiwa ndogo mno skii inachomoka katikati ya kona. Kwa anayeanza, skii iwe na urefu wa kati ya kifua na kidevu.

Lakini kitu cha kukukalisha dukani nusu saa nzima ni kiatu. Saizi hupimwa kwa sentimita za unyayo, kama 25.5 au 27, si kwa namba ya viatu vya kawaida. Vaa soksi moja tu, nyembamba, ya sufu, inayofika chini ya goti. Soksi mbili hazileti joto: zinabana mishipa, damu haifiki vidoleni, na mguu unakuwa baridi kuliko ungevaa moja. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kikae nyuma kabisa, funga bizimu za juu kwanza, kisha za chini kwa wepesi. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kusukuma muundi mbele, vidole virudi nyuma viache kugusa. Kama bado vimekandamizwa, kiatu ni kidogo. Kama kisigino kinanyanyuka ndani, ni kikubwa, na huyo ndiye adui wa kweli: kiatu kikubwa huonekana cha raha dukani, halafu mlimani unageuza mguu na skii haigeuki. Suruali ya ndani isiingie kwenye kiatu. Ivute juu ya ukingo wake, kwa sababu kunjo moja la kitambaa juu ya muundi huwa jeraha kufikia saa sita mchana.

Nguo ni tabaka tatu: ya sufu au sintetiki mwilini, flisi katikati, koti na suruali visivyopitisha maji juu. Pamba usiivae kabisa. Inanyonya jasho, kisha kwenye lifti ya viti jasho hilo linakugandisha. Kwa wanaosuka, pima helmeti ukiwa na msuko utakaokuwa nao safarini. Rasta nene zilizofungwa kichogoni huinua helmeti ikaacha paji la uso wazi, kwa hiyo misuko iende bapa na fundo lishuke shingoni. Kwa wanaojisitiri, balaklava nyembamba inayoshika kichwa, masikio na shingo hufaa kuliko mtandio, maana hakuna ncha ya kunaswa na lifti. Theluji mpya hurudisha takriban asilimia 80 ya miale ya jua inayochoma ngozi, na ngozi nyeusi nayo huungua, hasa chini ya pua na kidevuni ambako mwanga hutokea chini. Paka kinga ya SPF 50, na midomo ipake mafuta yake kila saa moja na nusu.

Tiketi ya lifti kwa mtu mzima eneo la Grindelwald na Wengen ni zaidi ya faranga 70 kwa siku. Pasi ya Swiss Travel Pass hailipii lifti za kutelezea. Hulipia treni za nchi nzima, meli za maziwani, na kupanda hadi vijiji vya Wengen na Mürren. Ndiyo maana siku mbili za mwanzo sinunui tiketi kubwa. Anayeanza anahitaji uwanja wa mafunzo tu, kama Bodmi kule Grindelwald au ule ulio katikati ya Wengen, wenye zulia linalokupandisha taratibu na tiketi ndogo. Chukua darasa la kikundi asubuhi, halafu alasiri rudia yale yale peke yako. Wanaoishi Ghuba wana faida hapa: Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005, ina njia ya ndani ya mita 400 na walimu, na kusimama na kupunguza mwendo unaweza kuvijua kabla ya kupanda ndege.

Mkao wa kwanza ni wa kabari: ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuliwe, muundi uegemee mbele ya kiatu. Woga humfanya mtu aegemee nyuma, na akishaegemea nyuma ncha za skii hazishiki theluji tena, ndipo zinamkimbiza. Ukianguka, lala ubavu, zungusha skii zote mbili ziwe chini yako na zikingame na mteremko, ndipo usimame. Ukizielekeza bondeni zitaondoka nawe kabla hujanyooka. Kwenye lifti ya kuvuta yenye umbo la T, usikalie ule mti. Uache ukusukume kwenye makalio ukiwa umesimama.

Uswisi hutumia buluu kwa njia rahisi, nyekundu kwa ya kati, nyeusi kwa ngumu. Alama za njano ni za njia zisizosawazishwa wala kufanyiwa doria, mgeni aziache. Aliye chini yako ndiye mwenye haki ya njia, daima. Njia za buluu za Männlichen zinanifurahisha kuliko zote kwa anayetoka darasani: pana, na ukuta wa mlima Eiger mbele yako. Kufika huko au Eigergletscher kunaanzia Grindelwald Terminal, na Eiger Express, lifti ya vibanda iliyofunguliwa Desemba 2020, hukupandisha hadi Eigergletscher kwa dakika 15.

Saa ya kurudi ndiyo huwaponyoka watu. Grindelwald na Wengen ziko pande mbili za mlima mmoja, na lifti nyingi hufunga karibu saa kumi au kumi na nusu jioni. Ukijikuta upande wa Wengen lifti zimefungwa, unashuka Lauterbrunnen, Zweilütschinen, kisha, kama vitu vyako viko Grindelwald, unapanda upya huko, na skii begani. Saa nane na nusu uwe tayari upande wako. Tena usiteleze hadi Grindelwald Grund mwisho wa siku: kule chini, mita 943, theluji huwa rojo mchana na barafu jioni, miguu imechoka, na wengi huumia hapo. Shuka kwa kibanda.

Siku za upepo zilienda Thun, kwenye mji wa kale na ngome, na Luzern kupitia kipita cha Brünig, safari ya chini kidogo ya saa mbili. Chakula kinahitaji swali kwa asiyekula nguruwe wala kunywa pombe: rösti, yaani viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa, mara nyingi huja na nyama ya nguruwe, na fondue ya jibini hupikwa kwa mvinyo mweupe. Raclette ni jibini iliyoyeyushwa na viazi. Omba isiwe na nyama pembeni.

Siku ya mwisho nilirudisha vifaa jioni iliyotangulia, nikaondoka na GoldenPass Express, inayokwenda Montreux moja kwa moja tangu Desemba 2022 kwa saa tatu na robo hivi. Weka nafasi dirishani. Zweisimmen treni hupita juu ya mtambo unaobadilisha upana wa magurudumu, kutoka milimita 1,435 hadi 1,000, vipimo vile vile vya SGR na MGR tunazozijua Kenya na Tanzania, abiria wakiwa wamekaa. Kutoka stesheni ya Montreux, ngome ya Chillon ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kando ya ziwa, na treni za uwanja wa ndege wa Geneva huondoka hapo hapo Montreux bila kubadilisha. Begi liache kwenye kabati la stesheni, na uende na sarafu za faranga mfukoni, maana si makabati yote yanayokubali kadi.