Shujaa Nisiyemsoma Kitabuni
Jana, baada ya sala ya Isha, tulikaa nyumbani kwetu Wete tukaitazama Black Panther, filamu ya mwaka 2018, kwa mara ya nne. Sijawahi kufungua kitabu cha katuni cha Marekani, na kwamba shujaa huyu alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966 nimeelezwa na mwanangu mkubwa. Wala sikosi kitu, kwani filamu inaanza na mtoto anayemwomba baba yake hadithi ya kwao, kama sisi tulivyomwomba bibi, Mungu amrehemu, kila usiku. Binti yangu mdogo, vidole vyekundu kwa ubuyu, alinigeukia akasema, “Kumbe na wao husema baba!”