Kumbukumbu ya mradi: Tori Amos na ubeti wangu wa pili

Kusikiliza albamu za Tori Amos, mwanamuziki wa Marekani, kwa mpangilio wa miaka kumefika 1998. Lengo ni lilelile: kuona jinsi mpiga piano anayejitungia na kujiimbia anavyobadilika, kisha nichote kitakachofaa kwa wimbo wangu, ambao ubeti wa pili umegoma kabisa.

Y Kant Tori Read ya 1988 niliipitia haraka. Sinthesaiza zimejaa, piano imefichwa. Ajabu, maana huyu aliingia chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore, akiwa na miaka 5! Kwenye Little Earthquakes (1992) piano ikarudi mbele. Wengi huanzia hapo, na sioni ubaya.

Mimi nimeganda kwenye Boys for Pele (1996). Alisimamia mwenyewe utayarishaji wake, na kwenye nyimbo kadhaa akapiga hapsikodi, kinanda cha kale. Chombo hicho hakina nyundo kama piano; nyuzi zake hudonolewa. Ubonyeze kwa hasira au kwa upole, sauti ni ileile. Sasa msisitizo utautoa wapi?

Kinanda changu cha umeme, cha mtumba kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, kina sauti ya hapsikodi. Nikaiweka, nikapiga ubeti wa kwanza kama nilivyozoea. Ukatoka mkavu kama muhogo wa jana. Nikaanza kupunguza: mkono wa kushoto noti mbili tu, zikifuatana badala ya kugongwa pamoja, na kimya kidogo kabla ya neno zito. Koo likalazimika kubeba kazi niliyokuwa nikiiachia pedali. (Jirani wa juu ameuliza kama siku hizi najifunza zeze.) Wapo wanaoiona albamu hiyo ni vurugu. Kwangu, ndipo alipoacha kumbembeleza msikilizaji.

From the Choirgirl Hotel (1998) ina bendi, na piano inasukumana na ngoma badala ya kutangulia. Mpiga ngoma sina, ila kijana mmoja wa kwaya yetu Buruburu ameahidi kuja na kayamba Jumamosi, stima ikiwepo. Night of Hunters (2011), aliyoijenga juu ya tuni za watunzi wa kale wa Ulaya, itasubiri. Mikono yangu haijafika huko.

Ubeti wa pili nimeukata mistari miwili. Uliobaki unaimbika kwa pumzi moja, na kayamba itaingilia mstari wa tatu.