Kisukari cha mwanangu hakikutokana na pipi

Sisimizi ndio walionishtua. Mwanangu, wakati huo ana miaka tisa, alikuwa akiamka usiku kukojoa kila mara, na asubuhi pale nje alipokojolea unawakuta wamejazana. Kitandani nako akaanza kujikojolea, jambo aliloliacha kabla hata hajaanza shule. Maji anakunywa kikombe juu ya kikombe. Chakula anakula, tena sana, lakini kaptula ya shule ikawa inamvuka mpaka naibana kwa pini.

Zahanati walimpima malaria, hakuna. Wakasema ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, tukapewa dawa. Alipoanza kutapika na kuhema kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, nilimpeleka hospitali nikasema, "Daktari, naomba apimwe sukari." Tone moja la damu kidoleni, mashine ikasoma sukari 27.6 mmol/L. Kwa mtoto mwenye dalili zile, 11.1 tu inatosha kusema ni kisukari. Akalazwa papo hapo, dripu na insulini.

Kazi ikawa kuelewa chanzo. Mama mkwe alisema ni soda, majirani wakasema nimemlea kwa pipi. Muuguzi wa kliniki alinikalisha chini, akaniambia hiki ni kisukari aina ya kwanza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ikiisha, sukari inarundikana kwenye damu kwa kukosa njia ya kuingia kwenye seli. Figo zinaitoa kwa mkojo, nayo inavuta maji. Kiu inatoka hapo. Mwili wenye njaa unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, asidi inajaa kwenye damu, ndiyo ile harufu na kule kuhema. Mtoto huzaliwa na vinasaba vinavyomweka karibu na ugonjwa huu, kisha kitu fulani, pengine virusi, kinauamsha. Pipi hazimo. Nilimweleza mama mkwe vilevile nilivyoelezwa, na siku ya kliniki iliyofuata akaja naye akauliza maswali yake mwenyewe.

Hatuna friji, kwa hiyo insulini nahifadhi kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya chungu cha udongo chenye maji, kivulini. Mdogo wake naye namwangalia kwa karibu, maana ndugu wa damu wana hatari zaidi kuliko watoto wengine. Nikimwona anakunywa maji kupita kawaida, mashine ya kaka yake ipo, nampima palepale.