Nani amefika saa hizi?
Leo nimekumbuka usiku wa Februari 18, 2021. Nyumba nzima imelala, mimi nimejifunika shuka na simu, nangoja kigari cha roboti, Perseverance, kitue Mirihi. Saa sita kasoro dakika tano, na bando limebaki la kubahatisha.

Kilichonitoa jasho ni hesabu ya mawimbi ya redio yanayoleta habari zake. Kutoka kule hadi huku yalichukua dakika 11 na ushee, na kushuka kwenyewe, tangu kugusa hewa hadi mchangani, ni dakika 7 hivi. Yaani wataalamu wa NASA waliokaa Pasadena, Marekani, walipopata habari kwamba kimeingia kwenye hewa, kigari kilikuwa kimeshatua, au kimeshakuwa chuma chakavu. Hakuna wa kukishikia usukani.

Kimetua! Nikapiga kelele. Mama akatoka na kanga begani: "Nani amefika saa hizi?" Gari, mama. Mirihi. "Haya mwanangu, ukimaliza zima taa."

Ila picha niliyoipenda kuliko zote haikupigwa na Perseverance. Ilipigwa na MRO, chombo kinachoizunguka Mirihi tangu 2006: kigari kinaning'inia chini ya mwamvuli wake, kidoti cheupe tu. Mwenyeji kampiga mgeni picha akiwa bado hewani! Siku mbili baadaye nilimwonyesha mama kwenye chai. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama weee, kisha akaniuliza, "Na huyu mpiga picha alisimama wapi?"