Hujawahi kukopa na unataka akaunti ya benki? Anza na majina

Kijana aliyechukua kitambulisho juzi na mama mboga ambaye pesa zake zote hukaa M-Pesa huuliza swali lilelile: sijawahi kukopa popote, benki itanikubali kweli? Itakukubali. Akaunti ya akiba haikukopeshi kitu, kwa hivyo benki haina haja ya kuchimbua mikopo yako. Wanaorudishwa nyumbani kutoka matawi ya Moi Avenue na Tom Mboya, Nairobi, hurudishwa na karatasi. Na mara nyingi karatasi zenyewe wanazo, ila hazisemi jina moja.

Benki hulinganisha vitu vitatu: kitambulisho, pini ya KRA (namba yako ya mlipakodi) na laini ya simu. Kitambulisho kikisema Mohamed na iTax, mtandao wa KRA, ikasema Mohammed, ombi linaweza kukwama hapo, na afisa aliye mezani hana la kufanya hata akikuonea huruma. Ni vivyo hivyo ukiwa na majina matatu kwenye kitambulisho na mawili kwenye pini, au ukitumia laini ambayo binamu alikusajilia ulipoingia Nairobi. Kabla ya kupanda matatu, toa cheti cha pini kwenye iTax ukisome kando ya kitambulisho, herufi kwa herufi. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba ya kitambulisho chako. Ukikuta unayotumia haimo, nunua yako kwanza. Akaunti ikifungwa kwenye laini ya binamu, siku akienda dukani kuomba kadi mpya ya laini hiyo, ujumbe wa kila muamala na namba za kuthibitisha malipo zitamfuata yeye. Kosa la jina kwenye pini hurekebishwa KRA, na dawati lao liko Huduma Centre ya GPO.

Kama huna pini, ni bure. Mhudumu wa saiba atataka chake cha kukujazia fomu, na hilo ni sawa, lakini simama nyuma yake uangalie anachobonyeza. Kijana asiye na biashara hahitaji kusajiliwa kwa VAT, na akisajiliwa kimakosa atadaiwa ritani, yaani taarifa ya kodi, kila mwezi. Ukishaandikishwa kwa kodi ya mapato, unatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni 30 kwisha, hata kama hukupata shilingi. Hiyo ndiyo ritani ya sifuri. Ukiiruka, faini ni shilingi 2,000. Wengi huchukua pini kwa ajili ya benki tu, wakaisahau, wakaja kuamka na deni la miaka minne.

Benki nyingine huuliza unakoishi. Huku kwetu Pipeline na Kayole nani ana bili ya stima kwa jina lake? Mita ni ya landilodi, wewe ni tokeni tu. Barua ya chifu hutosha mara nyingi. Uliza tawi kwa simu kabla ya kwenda, maana kila benki ina orodha yake.

Kuhusu aina ya akaunti, usichukue unayopewa kwa sababu foleni ni ndefu. Akaunti ya hundi huihitaji. Omba karatasi ya ada na utafute mistari minne: ada ya mwezi, kiasi cha chini kinachopaswa kubaki, gharama ya kutoa kwa wakala, na gharama ya kuhamisha pesa kwenda M-Pesa. Ada ya shilingi 100 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni 1,200. Kama akiba yako ni 5,000, karibu robo imeliwa bila wewe kugusa kitu. Kwa mtu anayeanza, akaunti isiyo na ada ya mwezi, inayokutoza unapotoa tu, ndiyo bora, hata kama kila kutoa kunauma kidogo. Kuuma huko kunasaidia.

Usishangae ukigundua tayari unayo akaunti ya benki. M-Shwari, iliyoanza 2012, ni akaunti ya benki inayofunguliwa ndani ya M-Pesa. Leo iko chini ya benki ya NCBA. Fuliza nayo ni mkopo wa benki, hutolewa na NCBA na KCB. Kwa hivyo yule anayesema "sijawahi kukopa" huku Fuliza yake haijawahi kukauka ana rekodi tayari, ila hajui inasema nini.

Kutokuwa na rekodi CRB, yaani kwenye mashirika yanayotunza habari za mikopo ya watu, si kuwa na rekodi mbaya. Afisa wa mikopo akikosa la kusoma huko, husoma stetimenti yako ya miezi sita, ya benki au ya M-Pesa. Anaangalia kama pesa huingia kwa mpangilio na kama hulala hata siku mbili tatu. Laki moja iliyoingia asubuhi na kutoka kabla ya saa sita haimshawishi. Shilingi 1,500 kila Jumatatu kutoka kibandani humwambia mengi zaidi.

Ukitaka rekodi, kopa kidogo ambacho ungeweza kulipa hata bila mkopo, na ulipe kabla ya tarehe. Sacco ni njia nzuri pia: nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa wadhamini. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu ukimdhamini mtu naye akatoroka, akiba yako ndiyo italipa. Usiombe mikopo kwa wakopeshaji watano wiki moja. Maombi huonekana CRB, na yanasomeka kama shida.

Kanuni za CRB za mwaka 2020 zinasema deni la chini ya shilingi 1,000 halikuorodheshi vibaya, na mkopeshaji lazima akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako. Ukiorodheshwa kisha ukalipa, habari hiyo hubaki miaka mitano, ila huonyesha umelipa. Mashirika yenyewe ni kama Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kila moja linapaswa kukupa ripoti moja ya bure kwa mwaka. Ichukue hata kama hukopi, uangalie kama kuna mkopo usioujua. Ukiupata, andikia shirika hilo na mkopeshaji siku hiyohiyo, kwa barua pepe, uambatishe kitambulisho na risiti za M-Pesa ulizo nazo.