Siku nane za Tomaso

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, mnisamehe, umeme umekuwa wa kukatika katika halafu mwenyewe nilikuwa naandika nafuta naandika nafuta, maana kuna jambo la jumuiya limenikaa kooni na siwezi kuandika lingine kabla sijalitoa hili.

Mliokuwepo mnakumbuka. Tumemaliza rozari, tumesoma somo, tukafika kwenye kushirikishana neno, na yule kijana wetu (simtaji, mnamjua, tulimzika mama yake kwenye Kwaresima hii hii) akauliza taratibu tu wala hakuwa na kiburi: hivi sisi tuna uhakika gani kwamba Mungu yupo? Kimyaaa. Mmoja akasema hilo ni pepo likemewe, mwingine akacheka kile kicheko cha aibu, na mimi mwenyekiti wenu nikamwambia "soma Biblia mwanangu" afu nikaita mchango. Jumamosi mbili sasa hajaja.

Sasa Jumapili hii ndo injili ya Tomaso, yule mtume aliyekataa kusadiki kwamba Yesu amefufuka, inasomwa kila mwaka Jumapili ya pili ya Pasaka, na nimeisikia tangu nikiwa mtumikiaji wa altare, ila kuna maneno nilikuwa nayaruka miaka yote: "baada ya siku nane". Siku nane! Yani wale mitume wenzake kumi wanasema tumemwona Bwana, huyu mmoja anasema mimi bila kutia kidole kwenye kovu za misumari sisadiki, na bado wanaamka nyumba moja, wanakula pamoja, wanafunga mlango mmoja. Ebu fikiria hayo mazungumzo ya usiku humo ndani. Lakini hakuna palipoandikwa kwamba Petro alimwambia toka nje mpaka imani yako ikae sawa. Yesu alipokuja alimkuta humo humo chumbani na wenzake. Najua Bwana angeweza kumfuata hata kama wangemfukuza, hilo silibishi, ila hatukuachiwa injili ya namna hiyo, tumeachiwa hii ya watu waliokaa siku nane na mtu asiyesadiki.

Kuhusu swali lenyewe sitaki kulikwepa tena. Kanisa linafundisha kwamba akili ya binadamu inaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia vitu alivyoviumba, Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulitamka hivyo mwaka 1870, na mimi nakubali, nikitazama mbegu inavyoota nakubali. Lakini angalieni neno "inaweza". Akili kuweza ni kitu kimoja, na mtu kulisikia hilo moyoni Jumamosi asubuhi wakati chumba cha mama yake kiko kitupu ni kitu kingine kabisa. Na Misani tukisimama kukiri hatusemi "najua kuna Mungu mmoja", tunasema nasadiki. Nasadiki ni neno la mtu anayejikabidhi kwa mwingine, kama unavyompa mtu mkono kwenye giza.

Na giza linatokea hata kwa wakubwa. Mama Teresa wa Kalkuta tunamjua wote, yule wa sari nyeupe yenye mistari ya bluu. Mwaka 1946 akiwa kwenye treni kwenda Darjeeling alisikia wito wa kuwatumikia maskini kabisa, akaacha shule aliyokuwa anafundisha akaingia mitaani. Tungedhani baada ya hapo ni raha ya rohoni tu. Kumbe barua zake kwa mapadre waliomwongoza, zilizokuja kutolewa 2007, miaka kumi baada ya kufa, zinaonyesha tangu anaanza ile kazi alikuwa anasali kama anaongea na ukuta, hamsikii Mungu, kuna mahali anaogopa mpaka kama Mungu yupo kweli. Ikadumu karibu miaka hamsini, na nafuu ya muda mfupi tu mwaka 1958. Mwenyewe aliomba hizo barua ziharibiwe! Na asubuhi anaamka anaenda kuwaosha wanaokufa. Kanisa limemtangaza mtakatifu 2016 huku likijua hayo yote.

Wapo pia waliopewa uhakika, tusiseme hawapo. Kuna Mfaransa anaitwa Blaise Pascal, mtu wa hesabu hasa, alitengeneza mashine ya kujumlisha akiwa bado kijana. Usiku wa 23 Novemba 1654 kuanzia kama saa nne na nusu mpaka saa sita na nusu kuna kitu kilimtokea, akaandika kwenye karatasi "Moto", akaandika Mungu wa Abrahamu, wa Isaka, wa Yakobo, akaandika "Hakika. Hakika." Masaa mawili tu. Ile karatasi akaificha ndani ya koti lake, mtumishi akaja kuikuta imeshonewa humo baada ya yeye kufa 1662. Mimi kinachonigusa ni kwamba mtaalamu wa kuthibitisha mambo hakuitoa kumshindia mtu yeyote. Sisi tunaoshuhudia kwa spika kubwa tungetulia kidogo hapo.

Kwa hiyo mmoja alipata masaa mawili ya hakika, mwingine miaka hamsini ya giza, na mimi sijui Mungu anagawaje, sijawahi kuelewa. Ila Mathayo 28:17 inasema wale kumi na mmoja walipomwona kule mlimani walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Wanasujudu na shaka wanayo. Na Yesu hakuwatenga, aliwatuma wote, hakusema wenye shaka wabaki.

Jumamosi tunaanza saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, ni zamu ya kwangu. Ijumaa jioni nitaenda kwake kumwomba radhi, siendi na majibu. Akija naomba asikemewe, na akiuliza tena basi tukae na swali lake hata saa mbili ifike, mchango tutatoa baadaye. Anayejua kama bado anafanya ile shifti ya usiku anijulishe inbox.