Nilivyoua betri moja kabla ya kuelewa volti

Betri yangu ya kwanza ya sola niliiua kwa huruma. Nilisikia kwamba chaji ikizidi huharibu betri, basi nikaifunga chaja kwenye volti 13.5 na kuiacha hivyo siku zote. Kila nikichungulia mita naona 13.5, naridhika kwamba imejaa. Kumbe namba ile ilikuwa ya chaja. Baada ya miezi kadhaa taa zikaanza kufifia kabla ya usiku wa manane.

Betri ya volti 12 ya risasi na asidi, kama yangu, ina seli 6, na kila seli iliyojaa hutulia kwenye volti 2.1 hivi, jumla 12.6 au 12.7. Ila ili upate namba ya kweli, lazima uitoe kwenye chaja, uzime vyote inavyoviendesha, kisha uiache itulie saa kadhaa. Nilipofanya hivyo yangu ilisoma 12.2, yaani nusu. Volti 13.5 ni ya kuitunza betri iliyokwisha kujaa; kwa jua la saa chache haiwezi kuijaza. Ilishinda na njaa kila siku, salfeti, ile chumvi inayojitokeza betri inapotumika, ikawa ngumu kwenye bamba zake za risasi. Nilijaribu kuifufua, wapi!

Ya pili nilianza na karatasi yake ya maelekezo. Ilikuwa betri ya maji, ampea-saa 100, na ilitaka volti 14.4 mpaka mkondo wa umeme unaoingia upungue, halafu ishuke 13.6. (Ya jeli huwa inataka pungufu kidogo, kwa hiyo usiige namba zangu.) Nikaweka hivyo, bado haikujaa! Hapo ndipo nilipowaza kupima kwenye vichwa vya betri penyewe badala ya kuamini kioo cha chaja: 13.9. Nusu volti nzima ilikuwa inapotelea kwenye waya mwembamba na mrefu. Nikaweka mnene, nikaufupisha, ikasoma 14.3.

Joto nalo lina lake. Karatasi ilisema juu ya nyuzi 25 nipunguze volti 0.024 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kwenye nyuzi 35 naiweka karibu 14.2.

Siku hizi mkondo ukishuka hadi ampea 2 hivi najua imejaa. Maji naongeza baada ya kuchaji, maana nikijaza kabla, yanapanda na kumwagika pamoja na asidi.